Funika udongo kabla jua halijapandisha chumvi

Pita mashamba ya tambarare ya chini ya Moshi, Chekereni hadi Kahe, mwezi wa pili jua likiwa kali. Sehemu nyingine utakuta ukoko mweupe juu ya matuta, na maharage yaliyoota hapo yameungua ncha za majani na kudumaa. Mara nyingi mbegu ndiyo hulaumiwa, au mbolea, kumbe ni chumvi iliyopandishwa na joto.

Maji ya kumwagilia huwa na chumvi iliyoyeyuka, hata yakionekana maangavu. Mchana udongo mtupu huwa wa moto juu, wakati kina cha sentimita 30 bado kimepoa. Maji ya juu yanageuka mvuke na kwenda zake. Chumvi haiendi nayo, inabaki. Udongo uliokauka unavuta maji mengine toka chini, nayo yanapanda na chumvi yake. Usiku mambo yanageuka: juu pamepoa, chini kuna joto, mvuke unapanda na kuwa maji tena karibu na uso, tayari kukaushwa asubuhi. Pale maji ya ardhini yalipo karibu, mzunguko huu haukatiki kiangazi chote.

Tofauti ya joto peke yake pia husogeza chumvi ndani ya maji, mara nyingi kutoka penye moto kwenda penye baridi. Mwanasayansi Carl Ludwig aliliona jambo hilo mwaka 1856, na mwenzake Charles Soret akalichunguza mwaka 1879. Shambani nguvu yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya mvuke, kwa hiyo pambana na mvuke.

Silaha ya kwanza ni matandazo. Inaniuma kuona mabua ya mpunga yanachomwa baada ya mavuno, ilhali ndiyo kinga iliyo karibu kabisa. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 8, acha nafasi kidogo kuzunguka shina. Udongo unabaki na ubaridi, maji hayatoki ovyo, na chumvi inakosa cha kuipandisha.

Mwagilia jioni au alfajiri. Vijimaji vya kila siku vinavyolowesha juu tu ni hatari: vinaleta chumvi bila kuishusha. Afadhali maji mengi kwa mara chache, yapenye hadi chini ya mizizi, mradi mfereji wa kutoa maji uko wazi. Kwenye matuta panda ubavuni, maana chumvi hukimbilia kileleni.

Kabla ya kuchagua zao, pima. Maharage huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha umeme unavyopita kwenye maji ya udongo; chumvi ikiongezeka, nacho hupanda), vitunguu 1.2, mahindi 1.7, nyanya 2.5, mpunga 3. pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ikipita 8.5 na maji yakituama juu, huenda ni magadi, yaani sodiamu imezidi. Hapo usikimbilie kuosha kwa maji matupu, udongo utazidi kuziba; weka jasi kwanza, kwa kiasi kitakachotokana na vipimo.

Afisa ugani atakuelekeza namna ya kupeleka sampuli maabara, kama ile ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga. Chukua udongo wa sentimita 0 hadi 20 na wa 20 hadi 40, kila mmoja mfuko wake, toka sehemu kadhaa za shamba. Usikwangue ukoko peke yake ukaupeleka. Majibu yatakutisha bure.