Kuyeyusha taka kali za mionzi kuwa kioo: kazi kubwa iko kabla ya tanuri

Fueli ya nyuklia iliyotumika ikishachakatwa, hubaki taka za majimaji zenye mionzi mikali. Kuziacha kwenye matangi ni kusubiri kutu imalize kazi yake. Dawa yake ni kuziyeyusha pamoja na unga wa kioo cha borosilika, yaani kioo chenye silika na boroni. Utaratibu ulioelezwa hapa ni wa kiwanda cha Savannah River, South Carolina, Marekani, kilichoanza kuyeyusha taka hizo Machi 1996. Kila kitu hufanywa kwa mitambo nyuma ya kuta nene za zege. Hakuna mtu anayeingia kurekebisha kwa mkono. Ndiyo maana tope la taka hizi lisilopimwa sawasawa lisifike kwenye tanuri kabisa.

Chukua sampuli, upime chuma, alumini, sodiamu, sulfati na zebaki. Sulfati ikizidi haiyeyuki ndani ya kioo. Huelea juu kama chumvi ya majimaji, hula vyuma vya tanuri na kubeba seziamu yenye mionzi. Halafu tope lichemshwe na asidi. Kwa miaka mingi Savannah River ilitumia asidi ya naitriki na ya fomiki: fomiki hugeuza oksidi ya zebaki kuwa zebaki yenyewe, nayo huondoka na mvuke. Hatari yake ni kwamba rodiamu na rutheniamu zilizomo kwenye tope huichochea fomiki itoe hidrojeni. Hewa ipulizwe chomboni muda wote, na asidi iingie polepole.

Kiasi cha fomiki ndicho kilichoamua hali ya chuma ndani ya kioo. Sehemu ya chuma iliyo katika hali ya Fe²⁺ (chuma kilichopoteza elektroni mbili) iwe kati ya 0.09 na 0.33 ya chuma chote. Ikipita hapo, metali na sulfidi hujitenga na kuzama. Ikipungua mno, oksijeni hutoka kwenye kioo cha moto na povu hufura.

Sasa ongeza unga wa kioo. Mchanganyiko mmojawapo uliotumika una silika 76%, na oksidi za boroni, litiamu na sodiamu 8% kila moja.

Tanuri hufanya kazi kwa nyuzi 1150 za Selsiasi. Umeme hupita ndani ya kioo chenyewe, kati ya elektrodi za Inconel 690, aloi ya nikeli na kromiamu. Kioo baridi hakipitishi umeme, kwa hiyo joto la kuanzia hutoka kwa hita za juu. Tope humwagwa juu ya kioo kilichoyeyuka, likakauka na kufanya gamba, mfano wa utandu wa maziwa. Litunzeni gamba hilo, kwa sababu ndilo linalozuia seziamu isipae. Lakini lisizibe uso wote, gesi ikakosa njia.

Mnato uwe paskali-sekunde 2 hadi 10. Kioo kikiwa kizito hakimiminiki. Kikiwa chepesi mno hula matofali ya tanuri. Rutheniamu, rodiamu na paladiamu hazikai ndani ya kioo: hutuama sakafuni na kuupa umeme njia ya mkato, kama ilivyotokea kwenye kiwanda cha aina hii cha Tokai, Japani. Sakafu yenye mteremko husaidia.

Wakati wa kumimina, tazama uzi wa kioo kwenye kamera. Ukinyooka, sawa. Ukianza kuyumba na kugusa ukingo wa mdomo, kioo huganda pale, na mdomo huziba tone kwa tone; simamisha mapema. Mtungi wa chuma cha pua, urefu mita 3 na kipenyo mita 0.6, huchukua takriban kilo 1,700 na hujaa kwa zaidi kidogo ya siku moja.

Ukipoa, nje yake husuguliwa kwa maji yenye unga uleule wa kioo, na unga huo hupelekwa kuyeyushwa, hivyo usafishaji hauzalishi taka mpya. Kisha kizibo huchomelewa.

Ubora wa kioo huhakikiwa kwa kukisaga, kukiloweka kwenye maji ya nyuzi 90 kwa siku 7, na kupima boroni iliyotoka. Ikitoka nyingi kuliko kioo cha kulinganishia, rudi kwenye hesabu za tope.