Somo: Kukokotoa kwa i bila kupoteza alama ya hasi

Swali la jinsi ya kukokotoa kwa i, ile namba ya kufikirika, bila kupoteza alama ya hasi hurudi kila muhula, hasa kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma, kwa hiyo naweka jibu mahali pamoja.

Hatua ya 1. Shika maana yenyewe: i² = −1.

Hatua ya 2. Andika kila namba changamano kwa umbo la a + bi, ambapo a na b ni namba halisi.

Hatua ya 3. Unapojumlisha, jumlisha halisi kwa halisi na i kwa i.

Hatua ya 4. Kabla ya kuzidisha vipeuo vya pili vya namba hasi, toa kwanza i katika kila kimoja. Mwanafunzi akipewa √−4 × √−9 hukimbilia kuzidisha ndani ya alama ya kipeuo, akapata √36, akaandika 6, wala hashtuki kwa kuwa jibu limetoka safi. Jibu sahihi ni 2i × 3i = 6i² = −6. Kanuni ya √a × √b = √(ab) haifai pale namba zote mbili zinapokuwa hasi. Tafadhali usiiruke hatua hii hata muda wa mtihani ukikubana.

Hatua ya 5. Unapogawanya, zidisha juu na chini kwa namba ya chini iliyobadilishwa alama ya i.

MASWALI

— Mwalimu, kitabu kimekosea. √−2 × √−8 ni 4.

Kitabu hakijakosea. Soma hatua ya 4.

— i kwa kipeo cha 23 ni ngapi? Nina haraka.

Vipeo vya i hujirudia kwa mzunguko wa vinne: i, −1, −i, 1. Gawanya 23 kwa 4, utazame baki.

— Shikamoo mwalimu. Namba ya kufikirika inawezaje kutoa jibu halisi?

Marahaba, umeuliza jambo la msingi. Mwaka 1572 Rafael Bombelli wa Italia aliushughulikia mlinganyo x³ = 15x + 4, ambao jibu lake moja ni 4, lakini kanuni ya wakati ule ilimpa jibu kama jumla ya kipeuo cha tatu cha 2 + √−121 na kipeuo cha tatu cha 2 − √−121, na √−121 ni 11i. Hakuacha. Alionyesha kwamba (2 + i)³ = 2 + 11i na (2 − i)³ = 2 − 11i; ukijumlisha 2 + i na 2 − i, i zinafutana, inabaki 4. Kokotoa mwenyewe hatua kwa hatua, kisha chora 3 + 2i kwenye karatasi ya grafu na uizidishe kwa i: utapata −2 + 3i, na mstari kutoka sifuri utakuwa umegeuka nyuzi 90.

— Mbona fundi wetu wa umeme chuoni anaandika j?

Ni namba ileile; katika umeme, i tayari ni alama ya mkondo.