Kuchoma DVD ya harusi ikasomwa na deki ya sebuleni

Mzee mmoja alipanda basi kutoka Muheza hadi studio yangu Tanga mjini, DVD ya harusi ya mwanawe kaifunga ndani ya leso. "Mwanangu, harusi haitoki," akaniambia. "Deki inazungusha, inazungusha, kisha inaitema." Nikaitia kwenye kompyuta, picha ikatoka safi. Nilikuwa nimechoma faili la MP4 kama lilivyo, na deki yake haikujua la kufanya nalo. Nilimchomea nyingine akisubiri, na ninavyofanya tangu siku hiyo ni hivi.

Deki ya DVD, hata ya zamani sana, hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake mna mafaili ya VOB yenye picha na sauti, ya IFO yanayoielekeza deki ianzie wapi, na ya BUP ambayo ni nakala za IFO. Picha yenyewe kwa kawaida huwa MPEG-2, aina ya kubana video ambayo deki inaielewa. Kubadilisha jina la faili hakusaidii. Kwa hiyo kazi ni mbili: kwanza kutengeneza VIDEO_TS, halafu kuichoma.

Hatua ya 1: Tengeneza VIDEO_TS. Natumia DVDStyler, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukifungua mradi mpya, chagua ukubwa wa diski GB 4.7, mfumo wa televisheni wa PAL, na umbo pana la 16:9 ikiwa ulipiga kwa kamera za siku hizi. PAL ndiyo ya huku kwetu: picha 25 kwa sekunde, 720 kwa 576. Harusi ya kupelekwa kwa ndugu walioko Marekani itengeneze kwa NTSC, mfumo wa kule, maana deki nyingi za kule zinakataa PAL.

Buruta video zako, zipange: akad, kupamba, karamu. Menyu iwe na maandishi makubwa. Anayeshika rimoti mara nyingi ni bibi.

Hapa pana jambo la kulitazama kwa makini. Hizo GB 4.7 kompyuta itakuonyesha kama 4.38, na ndiyo nafasi yote uliyonayo. Saa moja hukaa humo kwa ubora wa juu kabisa. Saa mbili zinakaa vizuri pia, ukiacha programu ipange yenyewe kiwango cha biti, yaani data inayotumika kwa kila sekunde ya video, kitakuwa kama megabiti 5 kwa sekunde. Ukilazimisha saa nne, ngoma ikichanganya utaona uso wa bwana harusi umekatikakatika vipande vya mraba. Mimi nagawa diski mbili, na mteja namweleza sababu kabla hajalipa.

Mwishoni usichague kuchoma humo humo. Chagua "just generate", upate folda. Icheze kwanza kwa VLC, programu ya kuchezea video, ubonyeze kila kitufe cha menyu.

Hatua ya 2: Choma. Kwenye Windows natumia ImgBurn, programu ya kuchoma diski. Ni ya zamani, toleo la mwisho lilitoka 2013, lakini haijaniangusha. Wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa na ukatae programu za ziada. Bonyeza "Write files/folders to disc", ingiza folda ya VIDEO_TS. Ikikuuliza kurekebisha mipangilio iendane na DVD Video, kubali. Itaweka ISO9660 pamoja na UDF 1.02, mpangilio wa mafaili kwenye diski ambao deki zinauelewa. Acha alama kwenye "Verify" ili ikimaliza isome diski yote kuhakiki.

Mwenye Nero Burning ROM, programu nyingine ya kuchoma, achague DVD-Video, siyo DVD ya data, kisha aweke yaliyomo ya VIDEO_TS mahali pake. Wa Linux afungue K3b, mradi wa Video DVD, afanye vivyo hivyo. Kile kidirisha cha Windows kinachouliza kama diski itumike kama flashi, kiache kabisa kwa kazi hii.

Spidi naweka 4x, au 8x nikiwa na haraka. Kwa 4x diski iliyojaa huchukua kama robo saa. Deki iliyochoka hupata taabu kusoma diski zilizochomwa mbio. Nunua DVD-R, deki za zamani huzikubali kuliko DVD+R. Na kama laptop yako betri imekufa, usianze wakati umeme unacheza: ukikatika katikati, diski imekwenda.

Hatua ya 3: Jaribu kwenye deki. Nina deki kuukuu mezani kwa ajili hiyo tu. Naangalia mwanzo, katikati, na zaidi dakika za mwisho, kwa sababu ukingo wa nje ndiko diski mbovu huanza kugandaganda.

Andika jina na tarehe kwa kalamu ya kuandikia CD. Stika ya karatasi usibandike, inaifanya diski iyumbe ikizunguka. Folda ya VIDEO_TS naihifadhi kwenye hadisiki ya nje. Yule mzee wa Muheza alirudi baada ya mwaka kutaka nakala tatu za wajukuu, nikamchomea palepale.