Kabla hujaweka hela yako popote, haya maneno yaelewe kwanza

Shangazi yangu anauza vitenge Kariakoo, mwaka jana alitaka mkopo aongeze mzigo, nikamwambia shangazi kabla hujasaini chochote naomba nilione daftari. Daftari lina safu moja tu, mauzo. Siku hiyo aliuza doti 10 kwa 25,000 kila moja, kaandika 250,000, na moyoni mwake hiyo ndo hela aliyopata. Tukaanza kutoa. Doti moja kanunua 18,000, kwahiyo 180,000 ni ya mzigo, inabaki 70,000, hiyo ndo wahasibu wanaiita faida ghafi. Alafu toa kijana anayemsaidia 10,000, kodi ya fremu ukiigawa kwa siku 12,000, nauli na chakula 8,000, inabaki 40,000, hiyo sasa ndo faida halisi. Na bado, doti 3 kati ya hizo 10 kachukua mteja kwa mali kauli, atalipa mwisho wa mwezi, yaani kwenye karatasi shangazi kapata faida ya 40,000 lakini mkononi ana 175,000 tu wakati mzigo peke yake umekula 180,000. Ndo maana unakuta mtu biashara inatembea, wateja wanajaa, na ada ya mtoto hana. Faida ni kitu kimoja na hela iliyopo mkononi ni kitu kingine kabisa, hivi viwili ukivichanganya hata mkopo utachukua usiojua utaulipaje.

Tukaja kwenye mkopo wenyewe, na hapa naomba usome taratibu kwasababu ndo watu wengi wanaumia. Aliambiwa milioni 1, riba asilimia 5 kwa mwezi, miezi 6. Inasikika ndogo. Lakini asilimia 5 ya nini? Kama ni riba ya fleti inahesabiwa kwenye milioni nzima kila mwezi hata kama nusu ulisharudisha, kwahiyo 50,000 mara 6, riba 300,000. Kama ni riba ya salio linalopungua, na unarudisha ile milioni kwa mafungu sawa, mwezi wa kwanza ni 50,000, wa pili inahesabiwa kwenye 833,000 na kitu zilizobaki unalipa kama 41,700, inashuka hivyo hivyo mpaka mwisho, jumla inakuja 175,000. Asilimia ni ile ile, muda ule ule, tofauti 125,000! Hiyo ni doti karibu 7 kwa bei ya kununulia. Alafu uliza na makato ya mwanzo, ada ya fomu, bima ya mkopo, maana wakikukata 40,000 unaondoka na 960,000 lakini riba unalipa ya milioni.

Kabla ya kuwaza uwekezaji weka kwanza hela ya dharura, matumizi ya miezi mitatu hivi, mahali unapoweza kuichukua leo leo. Neno lake ni ukwasi, yaani kitu kinageuka hela haraka kiasi gani bila kukuumiza. Kiwanja Chanika ni mali nzuri sana lakini mtoto akilazwa usiku huu kiwanja hakikusaidii.

Hisa maana yake umenunua kipande cha kampuni, umekuwa mmoja wa wenye mali, sio kwamba umewakopesha. Unapata kwa njia mbili, gawio kama kampuni imepata faida na ikaamua kugawa (kwa kampuni zilizoorodheshwa soko la Dar es Salaam, DSE, gawio linakatwa kodi ya zuio asilimia 5), au bei ya hisa ipande uuze. Na bei inashuka pia jamani. Majirani zetu Kenya mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5 za kwao, watu wakagombania, wengine kwa hela za mkopo, baadae bei ikashuka chini ya hiyo 5 na ikakaa huko miaka kadhaa. Aliyeweka hela asiyoihitaji alisubiri na ikapanda, ila wa mkopo benki haikumsubiri. Kampuni haikuwa mbaya, hela ya kununulia ndo ilikuwa na haraka.

Hatifungani ni kinyume chake, hapo wewe ndo mkopeshaji. Za serikali zinauzwa kwa mnada Benki Kuu, zinafika mpaka miaka 25, riba inaingia kila miezi 6. Watu wanasema haina hatari, mi nasema uliza kwanza utaishika mpaka iive, yaani muda wake uishe urudishiwe hela yako? Maana ukiwa na ya asilimia 10 na mpya zikatoka za 13, ukitaka kuuza yako njiani hakuna atakayeinunua kwa bei kamili, utashusha. Vipande vya mfuko wa pamoja, kama mfuko unaoitwa Umoja wa kampuni ya UTT AMIS, ambao upo tangu 2005, hapo mnachanga wengi na meneja anawekeza kwa niaba yenu, thamani ya kipande inatangazwa, na unaweza kuanza na hela ndogo.

Mwisho kabisa, kabla ya kutuma hata shilingi kwa anayekuja na fursa ya kuwekeza, muulize leseni ya CMSA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana) iko wapi na uende mwenyewe kuihakiki kwao, alafu muulize nikitaka hela yangu inachukua siku ngapi na nakatwa nini. Akikuahidi faida ya uhakika kila mwezi alafu anataka ulete na wenzio wawili, muulize hiyo faida inatoka kwenye biashara gani, akishindwa kukuonyesha biashara ujue unalipwa hela za hao wawili.