Kabla hujasaini kiapo ughaibuni kwa kesi iliyoko Tanzania

Uko Muscat au London, kesi ya kiwanja iko Mahakama Kuu Dar es Salaam, na wakili amekutumia kwa barua pepe hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli. Usiisaini nyumbani. Isome kwanza.

Jina lifanane na pasipoti, herufi kwa herufi. Aya zibebe unayoyajua mwenyewe. Ulichoambiwa na kaka yako, sema ni yeye aliyekuambia. Hoja za kisheria na maombi ziondolewe, kiapo ni cha mambo yaliyotokea tu.

Sasa shuka chini kabisa, kwenye jurati, pale anayekuapisha anapojaza. Kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo (watu wenye mamlaka ya kuapisha), Sura ya 12, kinamtaka aandike jina lake na aseme kweli mahali na tarehe ya kiapo. Mawakili wengi hutumia nakala ya zamani, kwa hiyo "Dar es Salaam" imeshachapwa. Wewe unasaini Muscat, unapiga skani, kamishna wa Dar anagonga muhuri. Upande wa pili wakijua ulikuwa nje, wataomba pasipoti yako. Mihuri ya uhamiaji ikionyesha hukuwepo nchini siku ile, kiapo kinatupwa, na maombi yaliyofunguliwa mahakamani kwa kukiegemea yanaondoka nacho. Kuyarudisha ni kuanza upya, na muda wa kisheria ukiwa umepita utaanza kwa kuomba uongezewe muda. Pia umesaini hati yenye uongo, na huyo kamishna naye ameingia matatani. Mwambie wakili aache mahali na tarehe wazi. Naye asikuapishe mwenyewe: kifungu cha 7 kinamkataza wakili wa mdaawa, yaani wa upande wowote kwenye kesi.

Weka miadi kwenye ubalozi wa Tanzania. Nenda na pasipoti halisi, hati isiyosainiwa na vielelezo vyote unavyoambatisha, kila kimoja na herufi yake ya utambulisho. Saini mbele ya ofisa, hakikisha jina, cheo, mahali na tarehe vimejazwa kabla hujatoka. Apostili, cheti cha kuthibitisha hati itumike nchi nyingine, ya Mkataba wa The Hague wa 1961 hufanya kazi baina ya nchi wanachama tu, usiibebe kama tiketi ya kila mahakama.

Hati ya uwakilishi inayompa ndugu mamlaka itaje kiwanja kwa namba na kila anachoruhusiwa: kufungua kesi, kusuluhisha, kupokea fedha. Ikifika nyumbani ilipiwe ushuru wa stempu mapema. Bila huo haipokelewi kama ushahidi. Ikiwa ataigusa hatimiliki, isajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Nakala halisi itumwe kwa kurier, picha ya WhatsApp haitoshi. Baki na nakala ya kila ukurasa, na usimwachie mtu karatasi tupu yenye saini yako, hata awe nani.