Somo: kupima na kunoa kumbukumbu ya mzee kwa sinia na leso

Stima imerudi hapa Kondele, Kisumu, wacha niandike haraka. Huu mchezo nacheza na dani, yaani nyanya yangu, ako na miaka 78, hauhitaji bando.

Kwanza miwani na masikio. Kama haoni vizuri utasema amesahau kumbe hata hakukiona. Na usitaje mtihani, dani akisikia hivyo anakunja uso na mchezo umeisha.

Hatua ya 1: weka vitu 8 kwa sinia, ufunguo, kiberiti, kitana, kitunguu, kifuniko cha soda, chochote. Avitaje kwa sauti, kwa lugha yake mwenyewe. Dakika moja, funika na leso.

Hatua ya 2: akutajie anavyokumbuka, andika namba kwa daftari.

Hatua ya 3 ndo yenyewe na watu huiruka. Pigeni stori, chambueni omena, baada ya dakika 20 muulize tena bila kufunua. Kupoteza kimoja viwili hapo ni kawaida, ata mimi napoteza. Zile amekosa mdokezee, "kuna kitu cha kuwashia moto". Akishika mara moja ujue iliingia kichwani, kuitoa ndo ilikuwa ngumu. Lakini kama ukimdokezea anakuangalia tu kama hajawahi ona sinia, na inajirudia kila wiki, peleka kliniki pamoja na hilo daftari. Mlinganishe na yeye wa mwezi jana, si mama ya jirani. Vitu ubadilishe kila mara.

Kunoa sasa: chukua kitu kimoja anachohitaji kweli, mfano dawa za presha ziko wapi. Muulize baada ya dakika 1, halafu 2, 4, 8. Akikosa mpe jibu hapo hapo, asibahatishe, kisha rudi kwa muda ule aliweza. Jioni ni ajua, ule mchezo wa bao, na hapo dani hutuchapa wote.

MASWALI

– Niko Nakuru, guka (babu) anashinda kila mtu drafti lakini anasahau kama amekula. Si ako sawa tu?

Drafti amecheza maisha yake yote, hiyo imekaa mkononi. Haikwambii kama anashika mambo mapya. Jaribu sinia, na aonwe na daktari.

– App za kulipia je?

Marekani kulikuwa na utafiti unaitwa ACTIVE, wazee 2,832 wa miaka 65 kwenda juu. Matokeo ya kwanza, 2002: waliofunzwa kumbukumbu walipanda kwa kumbukumbu, kwa mengine hapana, na baada ya miaka 10 ata hiyo haikuonekana tena. Ndo maana mimi nafunza dawa ziko wapi, si picha za matunda kwa simu. Pesa ni yako lakini.

– Kukhu (nyanya) huku Kakamega alikuwa sawa Jumapili, leo hajui ako wapi, anaongea ovyo. Nianze na vitu vingapi?

Wacha sinia!! Ikija ghafla hivyo inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari imeshuka ama ni dawa, ata stroki. Hospitali saa hii, na ubebe dawa zote anazomeza.