Pokemon Unbound hatua kwa hatua: kuanzia romu mpaka beji ya tatu

Haya wadau, mwongozo huu ni wa yule ambae FireRed kaimaliza mpaka kaichoka, anajua Brock, bosi wa gym ya kwanza (gym ni kituo cha pambano, ukimshinda bosi wake unapata beji), ana Geodude na Onix hata akiamshwa usiku wa manane, na sasa anataka kitu cha kumtoa jasho. Unbound ni gemu iliyojengwa na mashabiki juu ya FireRed ya Game Boy Advance, ile ya 2004, mkuu wa kazi anajulikana mtandaoni kwa jina la Skeli, ila ukiifungua huoni Kanto hata kidogo, ramani mpya inaitwa Borrius, hadithi mpya, viongozi wa gym wapya, na Pokemon wamo mpaka wa kizazi cha 8. Ni bure. Mtu akikuuzia ujue umepigwa.

Jambo moja uliweke kichwani kabla ya yote: humu levo hazikuokoi. FireRed ya kawaida ulikuwa unamkuza Charizard mmoja anafyeka wote mpaka Elite Four, wale mabosi wanne wa mwisho, ukija na akili hiyo huku unakwama gym ya kwanza tu. Halafu majina ya aina na mapigo nayaandika kama yanavyotokea kwenye skrini, ili ukiwa unacheza usipate tabu kuyatafuta.

Hatua ya 1: pata romu sahihi

Unachodanlodi sio gemu kamili, ni pachi, yaani kifaili chenye tofauti tu kati ya FireRed na Unbound. Ndo maana wanagawa pachi na sio gemu zima, kwa sababu FireRed ya Nintendo yenyewe haimo humo. Hata hivyo hilo haliwapi kinga kamili, Desemba 2016 Pokemon Prism, gemu nyingine ya mashabiki ambayo watu waliifanyia kazi kama miaka 8 ilizimwa na barua ya mawakili wa Nintendo siku chache tu kabla ya kutoka. Kwa hiyo romu, yaani nakala ya gemu kama faili, itoe kwenye kaseti yako mwenyewe, kuna vifaa kama GB Operator na GBxCart RW, unachomeka kaseti, unaunganisha na kompyuta kwa USB, faili linatoka.

Sasa hapa ndo wengi wanaangukia pua. FireRed ya Marekani ziko mbili, 1.0 na 1.1, na zote zina ukubwa wa MB 16 kwa hiyo ukiangalia saizi hupati jibu. Unbound inataka 1.0. Cha kuangalia ni CRC32, ile namba ya utambulisho wa faili: 1.0 ni DD88761C, 1.1 ni 84EE4776. Ukiona ya pili usijisumbue kuendelea, haitakubali.

Hatua ya 2: weka pachi

Njia rahisi kuliko zote ni Rom Patcher JS, inafunguka kwenye brauza, hata ya simu, na kazi yote inafanyika kwenye kifaa chako, romu haipandishwi kokote, kwa hiyo hata bando halikati sana. Unachagua romu kwenye sehemu ya juu, itakuonyesha CRC32 hapo hapo (linganisha na ile niliyokupa), chini yake unachagua pachi, unabonyeza kitufe cha kuunganisha, faili jipya linashuka. Angalia saizi ya faili jipya: linatakiwa liwe MB 32. Likiwa bado MB 16 basi hujapachika kitu.

Kuna mtu atauliza mbona pachi za zamani zilikuwa IPS na hii siyo. IPS inaweza kufika mwisho wa MB 16 tu, haioni zaidi ya hapo, na Unbound imejaza nafasi yote ambayo kaseti ya GBA inaweza kubeba, ndo maana wanatumia UPS ama BPS. Hizi mbili zina faida nyingine, zinakagua romu kabla ya kuigusa, ikiwa sio yenyewe zinagoma. IPS haikagui chochote, inapachika tu, halafu wewe ndo unakuja kukutana na skrini nyeupe.

Ile romu safi usiifute. Toleo jipya likitoka unapachika juu ya romu safi, sio juu ya Unbound uliyonayo.

Hatua ya 3: emyuleta na mipangilio miwili

Emyuleta ni programu inayoiga mashine ya Game Boy Advance. Kwa kompyuta tumia mGBA, basi. Kwa Android unaweza kutumia RetroArch ukaweka koo (kiini kinachoendesha gemu) ya mGBA, ama Pizza Boy, ama My Boy. Kwa iPhone kuna Delta, iko App Store tangu 2024.

Mipangilio ni miwili tu lakini ukiikosa utalia. Wa kwanza ni aina ya kusevu, iwe Flash ya 128K. Emyuleta ikiweka 64K gemu inakuletea maandishi ya Kiingereza kwamba ubao wa 1M haupo na kusevu kunagoma, wengine wanadhani romu imeharibika wanaanza kudanlodi upya, kumbe ni hiyo saizi tu. Wa pili ni saa. FireRed ya asili haina saa ndani ya kaseti, Unbound inayo, kuna usiku na mchana na kuna Pokemon na matukio yanayofuata saa, sasa emyuleta ikidhani inaendesha FireRed ya kawaida haiwashi saa. Kwenye mGBA zama menyu ya Tools, fungua Game Overrides, weka tiki kwenye Realtime clock, na hapo hapo chagua Flash 128K, halafu zima gemu uwashe tena. mGBA za karibuni zinajiwekea zenyewe, ila kuangalia ni sekunde kumi.

Hatua ya 4: kusevu

Sevu ndani ya gemu, kwenye menyu ya Start. Sevu za emyuleta, zile za kugandisha gemu popote ulipo, zitumie kama akiba tu. Sababu ni hii: sevu ya ndani inaandika mambo yako, beji, Pokemon, begi. Ya kugandisha inapiga picha ya kumbukumbu nzima ya mashine kwa wakati ule, pamoja na anwani za wapi kila kitu kipo ndani ya romu. Ukibadilisha toleo anwani zimehama, ukifungua ile picha gemu inaenda kutafuta vitu mahali ambapo havipo tena, inaganda ama inaharibu.

Kwa hiyo ukitaka kuhamia toleo jipya: ingia Pokemon Center, sevu kwa Start, zima. Pachika toleo jipya kwenye romu safi. Faili lako la .sav lipe jina lile lile la romu mpya, herufi kwa herufi, liweke folda moja nayo. Fungua, chagua Continue. Imeisha.

Hatua ya 5: ugumu, halafu Pokemon wa kwanza

Mwanzoni gemu inakuuliza kiwango: Vanilla, Difficult, Expert, Insane. Insane achana nayo, niamini, ile ni ya watu wanaokaa na karatasi na kikokotozi. Mimi namshauri mgeni aanze Difficult, maana Vanilla ni laini kiasi kwamba utapita bila kuonja kilichofanya watu waisifie hii gemu.

Kisha unachagua mmoja kati ya Larvitar, Gible na Beldum. Ndio, wote watatu ni wale ambao gemu za kawaida wanakupa safari ikiwa imeshaenda mbali, na hapa ndo watu wanachagua kwa sura. Tusichague kwa sura, tuangalie gym tatu za mwanzo: Mirskle wa Dresco Town ni Grass, Vega wa Crater Town ni Dark, Alice wa Blizzard City ni Flying.

Larvitar ni Rock na Ground, zote mbili zinaumizwa na Grass, maana yake kwa Mirskle anapigwa mara nne. Hafai kabisa pale, hata ukimpandisha levo vipi. Kwa Alice mambo yanageuka, mapigo ya Flying yanamuingia nusu na mapigo yake ya Rock yanawaingia mara mbili. Beldum ni kinyume chake: Steel inapunguza Grass, sumu haimuingii kabisa, kwa Mirskle anakaa kama ukuta. Lakini ukifika kwa Vega kumbuka Beldum ni Psychic pia, na tangu kizazi cha 6 Steel ilinyang'anywa ule uwezo wa kupunguza Dark, kwa hiyo anapigwa mara mbili safi. Waliocheza gemu za zamani tu wanakufa hapa wakishangaa. Gible, Dragon na Ground, Grass inamuingia kawaida tu, Dark kawaida, Flying kawaida, hana gym ya kumnyanyasa kati ya hizi tatu, ila pigo lolote la Ice linamuingia mara nne na unaelekea mji unaoitwa Blizzard, sasa jaza mwenyewe.

Chaguo langu ni Beldum kwa mgeni. Gym ya kwanza ndo inakatisha watu tamaa, afadhali iwe nyepesi, na kwa Vega utamkalisha benchi.

Ukishapewa fungua ukurasa wake uangalie tabia yake (Nature). Adamant inaongeza Attack asilimia 10 na kupunguza Special Attack, kwa Beldum ndo unayoitaka.

Hatua ya 6: sahau jinsi FireRed ilivyokuwa inahesabu mapigo

Kwenye FireRed ya asili aina nzima ya pigo ndo ilikuwa inaamua litumie Attack ama Special Attack. Dark yote ilikuwa Special, Ghost yote Attack. Humu kila pigo linajitegemea kama ilivyo tangu Diamond na Pearl za 2006. Bite ya Larvitar sasa inatumia Attack yake, ambayo ndo nzuri, na Shadow Ball imehamia Special Attack. Kwenye maelezo ya pigo kuna alama inayoonyesha ni upande gani, izoee kuisoma kabla hujafuta pigo la zamani.

Hatua ya 7: Mirskle

Ingia na watu wanne angalau waliokaribiana levo. Unataka mmoja wa Flying ama Fire wa kushambulia, Beldum wa kupokea, na, hili watu hawalifikirii, mmoja wa Grass wa kwako mwenyewe. Kwanini? Pokemon wa Grass hawaingiwi na Sleep Powder wala Stun Spore wala Leech Seed. Chukulia mpinzani anakuwekea Leech Seed juu ya Beldum: kila raundi inanyonya moja ya nane ya damu yako na kumpa yeye, wewe unamkwangua yeye anajaza, unaweza kukaa hapo mpaka chai ipoe. Usibishane nae. Mtoe Beldum, Leech Seed inafutika ukishambadilisha, muweke Grass wako aibe ile raundi, kisha muingize wa Flying akamalize.

Akili ya mabosi humu imeboreshwa, wanakuja na vitu mkononi na mapigo manne yenye maana, kwa hiyo ukishindwa mara ya kwanza usikimbilie majani, wanakojificha Pokemon wa porini, kwenda kukuza levo. Andika pembeni alitoa nani wa kwanza na alitumia pigo gani, urudi umepanga upya.

Hatua ya 8: Vega

Beldum, ama Metang kama ameshafika levo ya 20, akae benchi. Tafuta Fighting, Fairy ama Bug, na ukipata Fairy ndo bora zaidi. Fighting peke yake usiitegemee, maana ukikutana na Dark aliyechanganywa na Ghost kama Sableye, Fighting haimgusi kabisa, Fairy tu ndo inamuingia mara mbili. Usizunguke majani bila mpango pia, DexNav inakuonyesha nani anapatikana sehemu uliyopo, na aliyejificha unamsogelea taratibu, ukikimbia anatoroka.

Hatua ya 9: Alice

Hapa Rock na Electric ndo mtaji, na Ground iache nyumbani, haiwafikii wanaoruka. Kama una Pokemon mwenye Stealth Rock mtoe wa kwanza kabisa aitupe hata kama atakufa raundi inayofuata: Flying asiye na aina ya pili akiingia uwanjani anapoteza robo ya damu kabla hujamgusa, na akiwa Flying na Ice kwa pamoja anapoteza nusu. Metang anarudi kazini hapa, Steel inapunguza Flying na Ice zote.

Baada yake ni Mel wa Fallshore City na Normal zake, tafuta Fighting, halafu Galavan wa Dehara City ambae ni Electric. Kwa huyo beba Ground hata kama hukuchagua Gible, Electric haiwaingii, ila kabla hujapiga pigo la Ground angalia kwanza kama mpinzani hana Levitate ama hajatumia Magnet Rise, zote zinamfanya aelee na Ground haimfikii.